Daftari la Mama Hansa

Tukuyu mvua haiulizwi itaondoka lini.
Tunaulizana tu: jana ilikatika saa ngapi?
Mwaka ule nilikuwa mpanga magunia
dukani kwa Mama Hansa, njia ya sokoni,
duka la harufu ya mafuta ya taa na jira,
mlango wa mbao unaovimba kila Machi.

Kabla ya masika alikuwa na mambo yake.
Alipanda stuli, akashusha debe la biskuti,
chapati kavu za mwaka jana akatugawia
(zilivunjika mdomoni kama vigae)
akajaza mpya. Debe likarudi juu ya kabati.
Kamba, mita thelathini. Tochi. Pipa la maji lenye mfuniko.
Na msumarini, chini ya picha ya mungu wake mwenye mkonga,
sahani mbili za chuma kwenye uzi mmoja:
"Ardhi ikitikisika, hizi zitasema kabla yangu."

Usiku mmoja Gwamaka alizigonga kwa ufagio.
Mama Hansa akatoka mbio, viatu mguuni, kamba begani,
akatukuta tunacheka.
Hakutukana. Alisema:
"Mama mkwe wangu alizaliwa Kachi.
Ukuta ulimlalia siku mbili.
Tangu hapo hakulala mbali na viatu vyake."

Juu kabisa, juu hata ya kisanduku cha fedha,
alitundika daftari la mikopo ndani ya nailoni.
Tukanong'ona: Mhindi na madeni yake.

Sahani hazikulia.
Kilichokuja hakikutikisa, kiliteleza.
Alfajiri ya Jumanne mlima wa Isongwa
uliachia ubavu wake mmoja,
na migomba ikashuka wima,
inatembea, mikungu kichwani,
na nyumba nyuma yake.

Tulipanda na majembe. Kamba yake ikatuvusha
mto uliokuwa njia hadi jana.
Mwenyekiti anafoka: wangapi? Nani hayupo?
Orodha ya kijiji ilikuwa ofisini,
na ofisi ilikuwa chini ya udongo.

Mama Hansa akafungua nailoni.

"Subilaga. Sukari nusu, sabuni mche. Watoto wanne."
"Nipo. Wote wanne."
"Mzee Anyosisye. Mafuta ya taa chupa moja. Na mjukuu."
"Nipo. Mjukuu yuko shule, Mbeya."
"Ambilikile. Misumari kilo mbili, bati mbili.
Mke, mama, mtoto mchanga."

Mvua.

Akasoma tena, polepole,
kana kwamba kosa ni matamshi yake
tuliyoyaiga siku zote nyuma ya magunia.
"Ambilikile."
Basi tukajua pa kuanzia.

Bati zile mbili zilikuwa zimeegemeana
kama watu wanaoteta.
Chini yake bibi, na mtoto kifuani,
wanapumua tope.
Ambilikile na mkewe tuliwapata kesho yake.

Likaja lori la Wahindi wa Mbeya: blanketi, masufuria
ya kupikia harusi. Wakapika mseto wa choroko.
Mama zetu wakaonja, wakatazamana,
wakatumbukiza ndizi humo humo bila kuomba ruhusa.
Waligombania chumvi wiki tatu,
na wiki ya nne walikuwa wanasukana nywele.

Watu walitegemea atafuta madeni.
Alifuta ya wote waliopoteza nyumba,
mstari mmoja mmoja, kwa rula.
Ukurasa wa Ambilikile hakuugusa.
Nilikasirika. Nikamuuliza: unamdai marehemu?
Akaifunga nailoni, fundo mbili.
"Nikimfuta yeye, nitamfuta na mtoto.
Mwakani nitamwita nani?"

Sasa stuli ni yangu, na magoti yanalia.
Watoto wa duka wananicheka,
wanakula chapati za mwaka jana.

Juzi alikuja kijana, mrefu kupita kaunta,
akanunua kalamu mbili, akalipa taslimu.
Nikamuuliza bibi anaendeleaje. Anakohoa, lakini yupo.
Alipotoka nikashusha daftari,
nikatafuta ule ukurasa wa bati mbili.
Hakukopa kitu.
Nikamwandika hivyo hivyo.